Kupima oili ya injini bila kujidanganya: mwongozo kwa madereva wa Kigoma

Mtu akiniuliza namna ya kupima oili ya injini kwa usahihi, simwanzii na dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Namuuliza kwanza gari linalala wapi. Kigoma Mjini ni mji wa miteremko. Kutoka Mwanga unashuka Barabara ya Lumumba mpaka stesheni, na huku na huku nyumba zimejengwa juu ya miinuko, geti limeinama, gari limeegeshwa pua ikitazama ziwa. Asubuhi mwenye gari anachomoa dipstiki, anaona oili iko chini, anatuma mtoto dukani, anamimina lita nzima. Siku ya pili ameingiza gari kinyumenyume, anapima, oili imepita alama ya juu. Anayelaumiwa ni fundi aliyefanya sevisi mwezi uliopita.

Oili ile haikuwa imepungua, na kilichozidi ni lita aliyoimimina mwenyewe. Oili imetulia chini ya injini kwenye sampu, lile bakuli linaloihifadhi, na kama kimiminika chochote inajisawazisha yenyewe hata sampu ikiinama. Upande mmoja kina kinaongezeka, mwingine kinapungua, na dipstiki inagusa sehemu moja tu. Gari likiinama nyuzi 5, mwinuko ambao ukiwa ndani ya gari huenda usiuone kabisa, na dipstiki ikiwa inaingia sentimita 15 kutoka katikati ya sampu, kipimo kitahama kwa takriban sentimita 1.3. Sasa kaangalie dipstiki yako: kwenye gari ndogo nyingi, kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni sentimita mbili hivi. Mwinuko peke yake umekula zaidi ya nusu ya kipimo chote. Ndugu zetu wa Tabora wanaweza kupima karibu popote walipoegesha, mji wao umelala tambarare. Sisi ni lazima tutafute mahali.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali, kisha usipahame

Usiamini macho. Mtu aliyezoea kuishi kwenye mteremko huona kila pasipo na ngazi kuwa tambarare. Azima pima maji kwa fundi mwashi, ilaze chini mahali matairi yatakapokaa, kwanza kwa urefu wa gari, kisha kwa upana. Ukikosa pima maji, mwaga maji kidogo kwenye sakafu ya zege uone yanakimbilia wapi. Yakitanuka pande zote bila haraka, pametulia vya kutosha. Chupa ya maji ya mviringo, tupu, ukiilaza nayo itakuambia: isipobingirika upande wowote, hapo pazuri.

Lakini kuna njia ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inalipima gari lenyewe na si sakafu tu. Egesha, pima oili, andika ilipofika. Geuza gari, liweke palepale likitazama upande wa pili, zima, subiri muda uleule, pima tena. Vipimo vikilingana, mahali pako pazuri. Vikitofautiana, usawa wa kweli uko katikati ya hivyo viwili, na tayari umejua kila mara ukipima hapo unapaswa kuongeza au kupunguza kiasi gani kichwani. Wakazi wa sehemu za mwinuko mkali wasiopata tambarare karibu wanaweza kuishi na mahali palipoinama kidogo kwa njia hiyo, mradi gari lielekee upande mmoja kila siku.

Ukishapapata, weka alama. Rangi kidogo ukutani, jiwe kwenye tairi la mbele, chochote. Faida ya mahali pamoja ni kwamba hata kosa lake ni lilelile kila mara, hivyo oili ikishuka milimita tano kati ya mwezi huu na ujao, umejua kweli imeshuka. Kipimo cha leo cha uwanjani huwezi kukilinganisha na cha juzi cha barabarani ukapata jibu.

Jambo jingine linalosahaulika ni mzigo. Probox iliyopakiwa madumu ya mawese nyuma, au Noah yenye magunia ya dagaa inayosubiri kupanda kwenda Kasulu, imekaa kitako na pua imenyanyuka. Hapo hata sakafu ingekuwa sawa kama meza, injini haiko sawa. Pima kabla ya kupakia. Tairi moja lililoishiwa upepo lina athari hiyohiyo, ndogo lakini ipo, basi jaza upepo kwanza.

Hatua ya pili: chagua saa ya kupima

Mabishano ya gereji hayaishi: oili ipimwe injini ikiwa ya moto au ya baridi? Kila upande una hoja, na ukizielewa hoja zote mbili utaona si ugomvi mkubwa.

Oili ikipata joto inatanuka. Tuseme injini ya Toyota IST ya 1NZ-FE, ambayo inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Kutoka nyuzijoto 20 za alfajiri mpaka 90 baada ya kuendesha, oili hiyo inaongezeka ujazo kwa karibu asilimia 5, yaani mililita 180 hivi. Kwa hiyo ya moto inasoma juu zaidi. Lakini papo hapo injini ikizimwa, sehemu ya oili bado iko juu, kwenye silinda hedi, kwenye vijia, kwenye kuta za injini, inateremka taratibu. Kwa hiyo ukipima mara tu baada ya kuzima, inasoma chini kuliko ilivyo. Mambo haya mawili yanavutana.

Vitabu vingi vya Toyota vinasema: pasha injini mpaka joto la kazi, zima, subiri zaidi ya dakika 5, ndipo upime. Alama za dipstiki zimewekwa kwa utaratibu huo. Mimi nasema subiri 10, hasa oili ikiwa nzito kama 20W-50, maana dakika tano za ziada hazimpunguzii mtu chochote. Kama kitabu cha gari lako kinasema vinginevyo, kifuate hicho. Watengenezaji hawakubaliani wote.

Kipimo cha alfajiri kabla ya kuwasha nacho ni kizuri sana kwa ufuatiliaji. Gari limelala mahali pake usiku kucha, oili yote imeshuka, hakuna cha kuungua mkono. Kitasoma chini kidogo kuliko kile cha moto kwa sababu oili imesinyaa. Hilo likumbuke: ukiona asubuhi oili iko chini kidogo ya alama ya juu, usiijaze ifike juu kabisa.

Kosa linaloharibu zote mbili ni kuwasha injini ili tu kutoa gari getini, kuizima baada ya sekunde thelathini, kisha kupima. Pampu imeshainyanyua oili, imejaza filta na vijia vya juu, na kwa kuwa bado ni ya baridi na nzito inachelewa kurudi. Utapima uone imepungua, na utaongeza isiyohitajika. Kama umelazimika kuwasha, basi endesha kabisa mpaka injini ipate joto, kisha anza upya.

Hatua ya tatu: fungua boneti kwa utulivu

Zima injini, toa ufunguo, kaza hendibreki, weka gia ya P au gia namba moja kwa manyuo, na kama huna imani weka jiwe nyuma ya tairi. Fungua boneti na hakikisha mkono wa kuishikilia umekaa kwenye tundu lake. Feni ya umeme kwenye gari nyingi inaweza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, kwa hiyo mtandio, ncha za kanga, tai na mikono mirefu ya shati vikae mbali. Kifuniko cha rejeta usikiguse kikiwa cha moto.

Sasa hakikisha unashika dipstiki yenyewe. Ya oili ya injini mara nyingi ina mshikio wa njano au wa rangi ya chungwa, nayo inaingia kwenye bomba linaloelekea kwenye mwili wa injini. Baadhi ya gari za otomatiki zina dipstiki ya pili ya oili ya giaboksi. Kwenye Toyota ya namna hiyo utaona maneno HOT na COLD, na oili yake mpya ni nyekundu. Ile hupimwa injini ikiwa silensa, yaani inazunguka bila kukanyagwa mafuta, kwa utaratibu tofauti kabisa. Wapo waliopima giaboksi wakaona imepungua wakaongeza oili kwenye injini. Kama rangi ya kilichopo kwenye kijiti si kahawia wala nyeusi, simama ufikiri.

BMW nyingi za miaka ya karibuni na baadhi ya Mercedes-Benz hazina dipstiki hata kidogo. Usawa unasomwa kwenye dashibodi kupitia sensa, na hapo unafuata maelekezo ya skrini. Kuhusu ardhi tambarare, sheria haibadiliki.

Hatua ya nne: chomoa, futa, rudisha, chomoa

Futa kwanza vumbi jekundu kuzunguka mdomo wa bomba la dipstiki. Anayetoka barabara ya vumbi asiruke hili, kwa sababu vumbi hilo likidondoka ndani linasaga beringi.

Chomoa dipstiki. Kipimo hiki cha kwanza usikisome. Gari likitembea oili inaruka, inapaka bomba na kijiti mpaka juu. Ifute kwa kitambaa safi cha pamba, kipande cha fulana kuukuu kilichofuliwa kinatosha. Karatasi ya chooni inaacha nyuzi, na tambara la gereji lina mchanga usiouona. Futa pande zote mbili na ncha.

Subiri sekunde chache bomba likiwa wazi, hasa kwa gari lililolala usiku. Mshikio wa dipstiki mara nyingi una mpira unaoziba bomba, na hewa iliyonaswa inaweza kuisukuma au kuivuta oili kidogo ndani ya bomba. Likiachwa wazi, usawa unarudi.

Irudishe dipstiki mpaka mwisho. Mpaka mwisho maana yake mshikio umekaa kabisa kwenye mdomo wa bomba, umeusikia ukigota. Ikiwa na mkunjo, iingize kwa kufuata mkunjo wa bomba usiilazimishe. Ikibaki milimita kumi nje, utasoma oili pungufu kwa milimita kumi. Hesabu mpaka tatu, chomoa taratibu na moja kwa moja, bila kuisugua kwenye kuta za bomba.

Hatua ya tano: kusoma

Hapa ndipo watu wengi hukosea, na mara nyingi ni kwa sababu ya haraka.

Ishike dipstiki ncha ikiwa chini kidogo, au ilaze sawa. Ukiinyanyua ncha juu kama unavyoonyesha mtu kitu, oili inateremka kuelekea mshikio na unasoma uongo. Tafuta alama mbili: F na L kwa Toyota nyingi, H na L kwa Nissan nyingi, MAX na MIN kwa gari za Ulaya, au vitundu viwili, au vishimo viwili, au sehemu iliyochorwa mistari ya msalaba ambayo mwanzo na mwisho wake ndio alama zenyewe.

Geuza, soma pande zote mbili. Utakuta upande mmoja oili imepanda juu zaidi kwa sababu ulisuguana na bomba. Amini upande ulio chini. Na usichukue mchirizi mwembamba wa pembeni. Soma pale ambapo oili imefunika upana wote wa kijiti bila kukatika.

Rudia mara mbili nyingine, kila mara ukifuta. Vipimo viwili vikikubaliana, umemaliza. Visipokubaliana, bomba bado lina oili nyingi kuta zake, funga boneti kaendelee na shughuli nyingine dakika kumi.

Oili mpya ni tabu kuisoma, haina rangi ya kutosha kwenye chuma kinachong'aa. Ielekeze dipstiki kwenye mwanga wa pembeni, jua la asubuhi au tochi ya simu, uzungushe polepole, utaona mahali ambapo mng'ao unabadilika. Njia nyingine ni kuilaza taratibu juu ya karatasi nyeupe: alama ya unyevu inakuonyesha urefu, kisha unaulinganisha na alama za kijiti. Usipake chaki. Chaki ni unga, na unga hautakiwi ndani ya injini.

Wenye Subaru wanajua mateso yao. Injini yake ya silinda zilizolala, pamoja na jinsi bomba la dipstiki lilivyopinda, inafanya kijiti kitoke kimepakwa juu hadi chini upande mmoja. Kwao ninashauri kipimo cha alfajiri tu: kijiti kifutwe, bomba liachwe wazi dakika mbili tatu, kisha kijiti kirudishwe na kisomwe upande ulio safi zaidi.

Kipimo kizuri ni kipi? Popote kati ya alama mbili ni salama. Mimi huridhika kikiwa robo tatu ya njia kuelekea juu. Kujaza mpaka mstari wa juu kabisa hakuna zawadi yoyote.

Kuongeza

Kwenye gari ndogo nyingi kutoka alama ya chini mpaka ya juu ni kama lita moja. Kitabu cha gari kinaandika kiasi halisi. Kwa hiyo oili ikiwa katikati, upungufu ni nusu lita, si lita. Weka robo lita kwa faneli safi, subiri dakika tano iteremke, pima upya kwa hatua zilezile. Kwa oili nzito ongeza muda. Unayo nafasi ya kuongeza tena wakati wowote, ila kuitoa ni kazi.

Nunua chupa iliyofungwa, ya daraja (uzito wa oili) lililoandikwa kwenye kitabu au kwenye kifuniko cha kujazia. Kifuniko cha gari ndogo nyingi za Kijapani kimeandikwa 5W-30 au kitu cha karibu. Ukikwama njiani na kuna daraja tofauti tu, kuongeza robo tatu ya lita ya oili nyingine ya injini ni bora mara mia kuliko kuendelea na sampu iliyo chini ya L. Halafu fika ufanye sevisi mapema.

Oili ikizidi alama ya juu kwa milimita mbili tatu, iache. Ikizidi kwa mengi, ni hatari ya kweli. Krenki, ile shafti kubwa ya injini, inapozunguka inaigusa oili, inaichapa mpaka inakuwa povu, na povu halishikilii presha wala kulainisha beringi. Presha ndani ya injini inasukuma oili kwenye sili na kwenye njia ya pumzi, unaanza kuona moshi na mafuta kwenye mrija wa hewa. Kuitoa, njia safi ni kutumbukiza mrija mwembamba kwenye bomba la dipstiki na kuvuta kwa bomba la sindano kubwa. Kulegeza nati ya sampu kwa kukisia kunatoa oili nyingi kuliko ulivyotaka na kunachafua uwanja.

Jihadhari na sheli

Umesimama kujaza mafuta. Kijana mchangamfu anakuja: "Bosi, nikuchekie oili?" Anafungua, anachomoa, anakuonyesha: "Oili imeshuka mkuu, tuweke moja?" Hana nia mbaya. Lakini injini imezimwa sekunde arobaini zilizopita, sehemu ya oili bado iko juu, na sakafu ya sheli huwa imejengwa kwa mteremko ili maji ya mvua yakimbie. Masharti mawili ya kipimo yamevunjwa kwa wakati mmoja. Mshukuru, mwambie utapima mwenyewe nyumbani. Isipokuwa kama dipstiki imetoka kavu mpaka ncha. Hapo hata kipimo kibaya kinasema kweli, na unaongeza nusu lita kabla ya kuondoka.

Kuna na taa nyekundu yenye mchoro wa birika linalodondosha tone. Watu wanaifanya kuwa kipimo cha oili: haijawaka, basi oili ipo. Kwenye gari nyingi taa hiyo inasoma presha, si kiwango. Inapowaka ukiwa barabarani, pampu imeshaanza kuvuta hewa au kuna hitilafu kubwa, na kila sekunde unayoendelea inakaribisha kunoki, yaani injini kufa. Simama, zima, pima. Ikiwa oili ipo ya kutosha na taa bado inawaka, usiwashe tena, vuta gari.

Dipstiki isiyo ya injini hiyo

Gari nyingi hapa zimeshawekewa injini nyingine, ile tunayonunua ikiwa imetoka nje ya nchi tayari imetumika. Dipstiki ilipotea bandarini au ilivunjika, fundi akatafuta inayoingia. Kuingia siyo kulingana. Kijiti kirefu kwa sentimita mbili kinakuonyesha oili tele wakati iko pungufu.

Siku ya kubadilisha oili ndiyo siku ya kuikagua. Toa oili yote ikiwa ya moto, gari likiwa tambarare, iache idondoke mpaka ikatike. Weka filta mpya. Mimina kiasi kile hasa kilichoandikwa kwa injini yako, ukipima kwa chombo chenye mistari, si kwa kukadiria kutoka kwenye galoni la lita tano. Washa silensa dakika moja filta ijae, zima, subiri dakika kumi, pima. Oili inapaswa kugusa alama ya juu au karibu yake. Isipogusa, na una uhakika wa kiasi, basi alama zako ni za uongo: kwaruza alama mpya kwa tupa pale ilipofika, na nyingine chini yake kwa umbali ule uliokuwepo kati ya zile za zamani, kisha tafuta dipstiki ya injini hiyo kwa namba yake.

Daftari, na safari

Andika tarehe, kilomita za dashibodi, na oili ilipofika. Tumia rula ya shule, pima milimita kutoka alama ya L. Mfano: alama zimeachana milimita 20 na kati yao ni lita moja, basi milimita moja ni mililita 50. Mwanzo ilikuwa 18, baada ya kilomita 1,500 ni 8. Zimeondoka milimita 10, nusu lita, yaani theluthi ya lita kwa kila kilomita 1,000. Kwa injini iliyotembea sana hilo halitishi. Toyota wenyewe huandika kwenye vitabu vyao kwamba mpaka lita moja kwa kilomita 1,000 inaweza kutokea.

Inaposhuka kwa kasi kuliko kawaida yake, tazama chini gari lilipolala, angalia sampu kama iligongwa na jiwe, kagua sili na gasketi ya kava ya juu. Pakiwa pakavu kote, angalia moshi: wa buluu asubuhi unapowasha kisha ukapotea unaelekeza kwenye sili za vali, na unaodumu ukikanyaga mafuta unaelekeza kwenye ringi za pistoni. Ukimpelekea fundi namba hizo, utapunguza sana kubahatisha kwake.

Oili inayopanda bila kuongezwa ni mbaya zaidi ya inayoshuka. Inuse: ikinuka petroli, kuna mafuta yanayovuja kuingia kwenye sampu, jambo linalochochewa na safari fupifupi za mjini ambazo injini haipati joto. Ikiwa imekuwa rangi ya chai ya maziwa, maji ya rejeta yameingia, mara nyingi kupitia gasketi ya silinda hedi. Gari la namna hiyo haliwashwi tena mpaka lifunguliwe.

Safari ya Dar es Salaam kwa barabara inapita kilomita 1,000. Gari linalokula lita kwa kilomita 1,000 litamaliza nafasi yote kati ya alama ya juu na ya chini kabla hujaiona Pwani, hata ukiondoka Kigoma na oili iliyogusa F. Kwa hiyo beba chupa mbili za daraja lako, zilizofungwa, pamoja na faneli na kitambaa kwenye mfuko wa nailoni. Ukilala njiani Urambo au Tabora, omba mwenye gesti nafasi iliyo tambarare, na upime alfajiri kabla ya kuwasha, kabla mzigo haujabadilishwa. Ukizoea kipimo cha moto, basi pima mara moja nyumbani kwa baridi kabla ya kuondoka ili uwe na cha kulinganisha. Ukipitia Uvinza, usisimame kupima kwenye kilima cha daraja pale Malagarasi kwa sababu tu mandhari ni nzuri. Shuka, vuka, tafuta bega la barabara lililolala sawa, zima, na wakati unasubiri dakika zako kumi zunguka gari uangalie matairi.